Kitambi si cheo: mababa, tuinuke tutembee

Mara nyingi ukurasa huu wa afya huzungumza na kina mama: habari za mimba, chanjo, uji wa mtoto. Leo tunazungumza na mababa. Lakini mama, usigeuze ukurasa. Huyo tunayemzungumzia analala nyumbani kwako, na mwishoni kuna neno lako pia.

Baba akiongezeka mwili, watu wanamsalimia hivi: "Muzee, umenona! Kumbe mambo iko muzuri!" Naye anacheka, anajipapasa tumbo, anafurahi. Tangu zamani tumbo la mbele lilikuwa kama kitambulisho. Lilisema huyu anakula vizuri, huyu ana ng'ombe, huyu ni bosi. Mtu mwembamba aliulizwa kama anaumwa. Basi nenda umuulize muuguzi anayepima presha pale kituo cha afya. Yeye atakwambia habari nyingine kabisa: kitambi ni mzigo, na anayeubeba ni moyo.

Kitambi, hapa kambini?

Tunajua kuna watakaosema: "Hawa nao! Watu hawashibi, wao wanaongea habari za unene!" Swali hilo ni la haki. Kwa familia nyingi shida ya kwanza ni chakula kidogo, na watoto wenye utapiamlo tunao. Lakini njaa na unene vinaweza kukaa ndani ya nyumba moja.

Wenzetu wa Sahara Magharibi wameishi katika kambi za Tindouf, nchini Algeria, tangu miaka ya 1970. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 uliwapima wanawake na watoto wa kambi hizo. Zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi. Tena katika nyumba karibu moja kwa kila nne, unene na utapiamlo vilikutwa pamoja, chini ya hema moja. Hao si matajiri. Ni wakimbizi kama sisi, wanaoishi kwa mgao.

Sababu yake inaeleweka. Vyakula vya bei ndogo ni unga, mchele, mafuta na sukari. Vinajaza tumbo upesi. Mboga, matunda, samaki na mayai vinataka pesa. Kwa hiyo mtoto anayekua anakosa vya kujenga mwili, na mtu mzima anayekaa siku nzima anapata nguvu nyingi asizozitumia. Sufuria ni moja, lakini shida ni mbili.

Kilichopungua ni kazi

Hebu tukumbuke maisha yetu ya kabla. Baba wa Masisi aliamka bado giza, akapanda mlima kwenda kwenye viazi au maharagi yake, na jioni akashuka na mzigo begani. Mfugaji alitembea nyuma ya ng'ombe tangu asubuhi. Kijana wa chukudu alishuka na magunia kutoka Kibumba mpaka Goma, halafu akaisukuma chukudu yake kurudi, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Kazi yao ni kubwa mpaka mji wa Goma uliijengea chukudu sanamu katikati ya barabara. Na mwenye kubeba mizigo pale Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, hakuhitaji mtu wa kumwambia afanye mazoezi.

Watu hao walikula bugali kubwa, na wachache sana waliota kitambi. Chakula chote kiliungua kama kuni jikoni.

Halafu vita vikaja, tukavuka mpaka. Wengine walipitia hapa Rubavu, kwenye kituo cha Nkamira, kisha wakapelekwa Mahama na kwingine. Mahali pote hapo shamba lako halipo, ng'ombe wako hawapo. Kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba ni hatua chache. Asubuhi baba anakaa kwenye benchi, anacheza dama au karata. Mchana anasikiliza redio, na habari za nyumbani zinamtia mawazo. Jioni anakwenda kuangalia mpira kwenye kibanda. Bugali ni ileile, au imepungua kidogo tu. Kazi ndiyo imepungua mara kumi.

Chakula kisichounguzwa mwili unakiweka akiba. Kwa mwanamume, ghala la kwanza ni tumbo. Kwa hiyo tusimcheke mtu mwenye kitambi tukimwita mvivu. Wengi hawakuchagua kukaa. Walinyang'anywa kazi ya miguu yao, na hakuna aliyewapa nyingine.

Na ndugu zetu wanaoishi mjini Gisenyi, ninyi nanyi msijitoe. Mlinzi wa usiku anakaa kwenye kiti mpaka asubuhi. Muuza duka anakaa nyuma ya meza. Moto anayekwenda kokote anakuona, anapiga honi, na wewe unapanda hata kwa safari ya dakika kumi. Tena Gisenyi ni mji wa bia: kiwanda cha Bralirwa kiko hapa tangu miaka ya 1950. Jioni ikifika, chupa moja inaita brosheti, na brosheti inaita chupa ya pili.

Dereva na kondakta

Kuna hadithi ya kweli inayosaidia kuelewa jambo hili. Miaka ya 1940, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo unaongezeka. Akawachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva na kondakta. Mshahara haukuachana sana, mtaa wao ni uleule, chakula chao ni kilekile. Tofauti ilikuwa moja. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku.

Matokeo yalitolewa mwaka 1953. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na hata ulipowapata, haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Baadaye Morris na wenzake walichunguza vipimo vya suruali za kazi. Suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Wengine walisema labda wanene ndio waliopenda kuwa madereva, na hilo nalo lilikuwa na ukweli. Lakini tangu wakati huo tafiti nyingi za nchi nyingine zimeonyesha kitu kilekile: mwili unaotembea unalinda moyo.

Sasa baba, jiulize. Nyumbani ulikuwa kondakta. Hapa umekuwa dereva, tena dereva asiye na gari.

Jipime kwa kamba

Huhitaji mzani. Huhitaji hata pesa. Tafuta kamba isiyovutika, halafu fanya hivi:

1. Simama wima bila viatu. Mtoto akupime kwa kamba kutoka kisigino mpaka utosini. Kata hapo.
2. Kunja kamba hiyo katikati, ncha kwa ncha. Sasa ni nusu ya urefu wako.
3. Pumua nje, usilivute tumbo ndani (usidanganye, watoto wanaona!). Zungusha kamba tumboni, katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga.

Ncha za kamba zikikutana, hujambo, endelea hivyo. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi na ni wakati wa kuanza kazi. Kipimo hiki hakikutungwa hapa kambini. Tangu mwaka 2022 taasisi ya afya ya NICE ya Uingereza inawashauri watu wazima wajipime hivyo: kiuno kisifike nusu ya urefu.

Kama fundi cherehani jirani yako ana futi, unaweza kutumia namba pia. Kwa mwanamume, Shirika la Afya Duniani linasema hatari inaanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 94, na inakuwa kubwa zaidi kikipita 102.

Angalizo moja. Tumbo lililovimba kwa haraka, au lililojaa wakati mikono na uso vinakonda, au lenye miguu iliyovimba, hilo si la kutembea tu. Huenda ni ini, figo au moyo. Nenda kituo cha afya usichelewe.

Mzigo usioonekana

Mafuta ya kitambi hayako chini ya ngozi peke yake. Mengine yako ndani, yamezunguka ini na matumbo. Yanafanya dawa ya asili ya mwili inayoondoa sukari kwenye damu, yaani insulini, ishindwe kazi yake. Sukari inabaki kwenye damu, na polepole mtu anapata ugonjwa wa sukari. Moyo nao unapiga kwa nguvu zaidi, na presha, ile wengine wanaita tansio, inapanda. Usiku mtu anakoroma kama mashine ya kusaga, anaamka amechoka. Magoti yanaanza kulia.

Ubaya wa presha ni kwamba haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mitano anatembea, anacheka, anacheza dama. Ikipimwa mara kadhaa ikakutwa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu hata kama huumwi popote. Siku inayojitangaza, mara nyingi inajitangaza kwa kiharusi: mdomo unapinda upande mmoja, mkono unakosa nguvu, maneno yanatoka yamevurugika. Ukiona dalili hizo kwa mtu, usimpe chai, usimpeleke kwanza kwa mganga. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Tufikirie kiharusi ndani ya nyumba zetu hizi ndogo. Baba hawezi kusema, hawezi kujigeuza. Mama anamgeuza, anamlisha, anamsafisha, na bado ndiye wa kupanga mstari wa mgao. Binti mkubwa anaacha shule amsaidie mama. Familia iliyookoka vita inaangushwa na ugonjwa ambao mara nyingi ungeweza kuzuiwa. Hapo ndipo neno la wazee linapokuja: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na sisi wakimbizi matofali ya ukuta tutayatoa wapi?

Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa mwembamba kama kijana wa miaka ishirini. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilisaidiwa kula vizuri, kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki, na kupunguza asilimia 7 hivi ya uzito. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 tu. Waliopata ugonjwa wa sukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakusaidiwa hivyo. Asilimia 58, bila upasuaji!

Mpira si wa kutazama tu

Shida ni kwamba sisi wanaume hatupendi kuambiwa habari za mwili wetu. Kliniki tunaona ni ya mama na mtoto. Mtu akituambia "punguza kula" tunasikia kama tumetukanwa. Uskoti walikuwa na shida hiyohiyo. Wanaume wanene wa miaka 35 hadi 65 hawakuja kwenye vikundi vya kupunguza uzito. Basi watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao wakawafuata mahali wanapopapenda: kwenye viwanja vya timu zao za mpira.

Timu 13 zilikubali. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, wanaume walikutana uwanjani na makocha wa timu. Walianza kwa kutembea tu. Walizungumza juu ya chakula na bia bila kuhubiriwa, wakataniana kama wanaume wanavyotaniana. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Baada ya mwaka mzima, waliohudhuria walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5 na nusu. Wale waliokuwa bado wanangoja zamu yao walipungua nusu kilo tu.

Mnaona somo? Mtu peke yake anachoka siku ya tatu. Mtu mwenye wenzake anaogopa kuwa wa kwanza kukosa. Na sisi mpira tunaujua! Rubavu ina Etincelles na Marines, zinazocheza kwenye uwanja wa Umuganda. Ng'ambo Goma kuna DC Virunga. Tunajua majina ya wachezaji wote, tunabishana mpaka usiku. Lakini miguu inayocheza ni ya wengine. Wazee wa benchi moja wakikubaliana tu, "kabla ya dama, tunazunguka kambi mara mbili," tayari wana timu.

Mfano hauko Ulaya peke yake. Hapa Rwanda, mwaka 2016 mji wa Kigali ulianza siku bila magari: Jumapili asubuhi barabara kubwa zinafungwa, watu wanakimbia, wanatembea, wanaendesha baiskeli, na wengine wanapimwa presha na sukari bure. Mtindo huo ukafika miji mingine. Utaona watu wazima wenye vyeo, na vitambi vyao, wanatoka jasho barabarani, na hakuna anayewacheka. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nao ni mazoezi ukishika jembe kweli. Kusimama na jembe begani unapiga hadithi hakuhesabiwi.

Wiki nane za kuanza

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki. Ni nusu saa kwa siku, siku tano. Usianze na zote. Haba na haba hujaza kibaba.

Wiki ya 1 na ya 2: dakika 10 kila siku, mwendo wa kawaida. Kusudi ni kuizoesha miguu.

Wiki ya 3 na ya 4: dakika 15 hadi 20, mwendo wa mtu anayechelewa mstari wa mgao. Kipimo ni mdomo wako: uweze kuongea na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Usipoweza kuongea, punguza.

Wiki ya 5 na ya 6: nusu saa, siku tano. Ukitaka, gawanya: dakika 15 asubuhi, 15 jioni.

Wiki ya 7 na ya 8: tafuta mlima. Katika nchi ya vilima elfu haukosekani. Mara mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu: inuka na ukae kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, kisha sukuma ukuta kwa mikono mara kumi. Pumzika, rudia.

Mwisho wa wiki ya nane chukua ile kamba yako ujipime tena. Usikate tamaa kama ncha bado hazijakutana. Angalia zimesogeleana kiasi gani. Hata kabla ya tumbo kupungua, presha na usingizi huanza kuwa afadhali.

Kuna mazoezi mengine ambayo nyumba nzima itayashangilia. Bidoni la lita 20 likijaa ni kilo 20. Baba akiliteka na kulibeba asubuhi, amefanya mazoezi, na binti amewahi shule. Utasikia jirani anasema, "Huyu mke wake amemroga." Mwache aseme. Yeye anangoja presha imsalimie. Bustani ya jikoni nayo, hata kama ni gunia la udongo mbele ya mlango, inakupa kazi ya kuinama na mboga ya bure. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye kitambi kikubwa anajua kuinama kunavyomsumbua.

Viatu: ardhi ya Rubavu ina mawe makali ya volkano. Usitembee haraka na kandambili zilizokatika. Mwenye ugonjwa wa sukari asitembee pekupeku kabisa, na aangalie nyayo zake kila jioni, kwa sababu kidonda kidogo kwake kinaweza kuwa kikubwa.

Tuangalie sufuria

Hatusemi baba alale njaa. Asiyeshiba aendelee kutafuta chakula. Tunazungumza na yule ambaye kamba imemkatalia. Mabadiliko haya mengi hayaongezi gharama, mengine yanapunguza:

Sahani: nusu iwe mboga: sombe, lengalenga, kabichi, majani ya maboga. Robo iwe bugali au viazi. Robo iwe maharagi, au sambaza za Kivu ukizipata. Tumezoea mlima wa bugali na mboga ya kuupaka rangi tu. Geuza.

Mafuta: kijiko kikubwa kimoja kina nguvu karibu sawa na mkate wa vipande viwili vidogo. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Mandazi na viazi vya kukaanga viwe vya siku maalumu.

Chumvi: isipite kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyofichwa kwenye vibe vya supu na makayabu. Loweka makayabu vizuri, mwaga maji. Chumvi inapandisha presha.

Sukari: soda moja ya kawaida ina sukari ya vijiko vya chai saba hivi, au zaidi. Chai yako ipunguze kijiko kimoja kila wiki mbili. Ulimi utazoea.

Bia: chupa kubwa ya sentilita 72 ina nguvu ambayo mtu atahitaji karibu saa nzima ya kutembea kwa haraka kuiunguza. Chupa tatu ni saa tatu. Nani anatembea saa tatu usiku? Na kanyanga usiiguse kabisa. Ni haramu kisheria, na inaweza kuua ini au kupofusha macho.

Neno kwa mama na watoto

Mama, kuna siku unamjazia baba sahani kwa heshima, na yeye anaimaliza kwa heshima. Heshima yenu ni nzuri, lakini iwekeni kwenye maharagi na mboga. Akianza kutembea, usimcheke mbele ya watoto. Mwambie, "Baba nanihii, leo umependeza," uone kama kesho hataamka mapema. Watoto, mumsindikize. Baba anayeshikwa mkono na mtoto hakatai kwenda.

Na tukumbuke kwamba baadhi ya mababa hawa hawali kwa njaa, wala hawanywi kwa kiu. Ni mawazo: nyumba iliyochomwa, ndugu waliopotea, miaka inayopita bila jibu. Kutembea hakurudishi vilivyopotea, lakini kunasaidia usingizi na kunapunguza uzito wa kichwa. Wanaume wawili wanaotembea pamoja huongea mambo ambayo wakikaa hawayasemi. Kama mawazo yamezidi, mhudumu wa afya ya akili ni wa wanaume pia.

Nani amwone muuguzi kwanza?

Mwenye zaidi ya miaka 40 ambaye hajawahi kupimwa, akapimwe presha na sukari. Vivyo hivyo aliyewahi kuumwa kifua, anayepata kizunguzungu, anayekosa pumzi kwa hatua chache, au aliye kwenye dawa. Mwenye dawa za presha au sukari asiziache ati kwa sababu ameanza kutembea. Dawa hupunguzwa na daktari, baada ya vipimo. Na ukiwa njiani kifua kikabana, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, simama, kaa, mtume mtu akaite msaada.

Mababa, kuna siku mtu atahitaji miguu yako. Labda ni safari ya kurudi kulima Masisi au Rutshuru. Labda ni kuhamia nchi ya mbali, ambako chakula ni kingi na gari linangoja mlangoni, na huko wengi wa wenzetu wananenepa zaidi. Labda ni kumtoa binti kwenye arusi yake hapahapa. Siku hiyo ikufikie ukiwa umesimama.

Kamba ni ya bure. Njia ni ya bure. Mtafute mwenzako mmoja leo jioni, mkubaliane saa. Kesho asubuhi, dakika kumi.